Kufuli la Ukubwa wa Haragwe

Hekalu la Muryeon,
Siku ya ishirini, mwezi wa sita kwa kalenda ya zamani,
1978

Kwako Kaka Gilsu,

Shikamoo Kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama haitakukuta mzima basi ikukute umekaa, maana ni ndefu na si ya kusomwa mtu akiwa amesimama. Wifi yangu hajambo? Mgongo wake umepata nafuu? Na watoto je, yule mkubwa bado anang'ang'ania kulala na viatu vyake vya shule? Mwambie shangazi yake alikuwa hivyo hivyo, ila yeye hakuwa na viatu.

Mimi huku sijambo. Mvua za kiangazi zimeanza na kila kitu kimeota ukungu, hata ngazi tunayopandia. Mabega yananiuma kwa kuinama, lakini hayo ni maumivu ya kazi, siyalalamikii. Soksi ulizonitumia nimezivaa. Samaki wakavu nimempa Mama Deokcheon, mpishi wetu, kwa kuwa hekaluni hatuli samaki, na hilo umelijua kwa miaka tisa. Anasema paka wake wa nyumbani bondeni anakushukuru mno na anauliza lini utatuma tena.

Ndani ya kifurushi cha samaki ilikuwamo barua yako. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani macho yangu yamechoka. Mara ya pili niliisoma kwa sauti jikoni, Mama Deokcheon akimenya viazi, naye akaweka kisu chini akaniuliza huyu ni kaka yako wa tumbo moja au mlimwokota sokoni. Mara ya tatu nilikaa nayo peke yangu. Unanisihi nisiwe na kichwa kigumu. Unasema Mkurugenzi Maeng amekutendea wema, amekuacha kazini kiwanda chake cha viatu kilipofunguliwa tena baada ya moto, na kwamba kufuli lenyewe nililolichora ni dogo, halizidi haragwe, nikilifuta hakuna atakayeona tofauti. Unasema marehemu mdogo wetu hana haja na kufuli. Haya, Kaka. Miaka miwili wewe umesema na mimi nimelia. Leo nasema mimi.

Picha yenyewe hujaiona, kwa hiyo nikueleze ilivyo. Ni ile ya Umande Mtamu, inayotundikwa kwenye ukuta wa wafu. Unakumbuka Mama alivyokuwa akitupeleka kwenye sala za mwezi wa saba, wewe ukijificha nyuma ya sketi yake kwa kuyaogopa yale mazimwi mawili yenye matumbo kama mapipa na koo nyembamba kama sindano? Ndiyo hiyo. Juu wamesimama Mabuddha saba, katikati kuna meza ya sadaka na mazimwi yako, na chini kabisa ni sisi watu na vifo vyetu. Yupo aliyeraruliwa na simbamarara, aliyeanguka kutoka mtini, aliyefia uzazini, aliyeangukiwa na ukuta, aliyechomwa sindano vibaya na mganga mlevi. Wote wanachorwa, kwa sababu roho ambayo haikuchorwa haijui pa kuja kunywa umande. Na desturi yetu wachoraji ni kwamba kila kizazi kinaongeza vifo vyake chenyewe. Mwalimu wangu, mtawa Muho, aliwahi kumchora mtu aliyekanyagwa na lori, na fundi wa nyaya aliyenaswa na umeme juu ya nguzo. Watu wa vijiji vyao walikuja, wakawatambua, wakawawekea wali.

Ulipokuja hapa mara ya kwanza ulinicheka. Ulinikuta nanakili masharubu ya wafalme wa kuzimu, karatasi baada ya karatasi, maana mwanafunzi hagusi rangi mpaka amalize nakala elfu tatu kwa wino. Ulisema, "Okrye, utaolewa na nani wewe, na hivyo vidole vyeusi? Labda huyo mfalme mwenye masharubu." Nilicheka pia. Mdogo wetu Malsun ndiye aliyekasirika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, akakurushia ganda la tikitimaji.

Basi mwaka jana, baada ya kufiwa na mama yake, Mkurugenzi Maeng alikuja kuomba picha ya Umande Mtamu kwa ajili ya roho ya marehemu. Mkuu wa hekalu alifurahi hadi akasahau kuvaa kiatu kimoja alipomsindikiza. Mwalimu Muho mkono wake wa kulia sasa unatetemeka. Mabuddha alisema atawachora mwenyewe hata kama itamchukua mwaka mzima, lakini sehemu ya chini aliniachia mimi. Aliniambia kule chini kunamfaa mtu mwenye wafu wake. Jina la ukoo wangu halikuulizwa na yeyote. Mwanamke mwenye nguo za kijivu na rangi kwenye viwiko, nani atamuuliza ni wa ukoo gani?

Nikamchora Malsun. Sitakuficha kwamba ilinichukua siku kumi na moja kuchora uso usiozidi kucha ya kidole gumba. Nilimchora na lile pengo la jino aliloling'oa mwenyewe kwa uzi na mlango. Nilimvalisha aproni ya kiwandani na viatu vya mpira vyenye ukanda wa kijani, jozi ile ile aliyoniletea kwa mshahara wake wa kwanza, vikiwa vikubwa kwangu kwa vidole viwili. Siku hiyo alikaa hapa ngazini akinusa sufuria yangu ya gundi ya ngozi ya ng'ombe, akasema, "Dada, sisi ukoo wetu umeishia kwenye gundi. Yako inanuka ng'ombe, yangu inanuka petroli. Atakayetuoa itabidi awe hana pua." Nikamwambia asikae karibu na moto na nguo zile. Akasema kiwandani wasichana wote wa kitengo cha gundi hata kiberiti hawaruhusiwi kushika, wanapekuliwa asubuhi kama wezi.

Kumbuka maneno hayo, Kaka. Wanapekuliwa asubuhi. Halafu ile karatasi ya kiwanda inasema moto ulianza saa nane mchana kwa sababu Malsun aliwasha jiko la mafuta ya taa apashe tambi zake. Jiko lilipitaje? Alilificha wapi, kwenye nywele? Baba na Mama hawapo, wewe ndiye mkubwa wa nyumba, wakakuletea karatasi hiyo nawe ukaipiga muhuri wa familia. Wasichana saba walikufa, na kwa maandishi aliyewaua ni mdogo wetu.

Kwa hiyo nilipomchora, nilichora na mlango. Mlango wa chuma wa kitengo cha gundi, na nje ya mlango nikaweka kufuli. Ukiliona kufuli unajua jiko lile ni porojo. Hata kama moto ungeanzishwa na ibilisi mwenyewe, mtu anayeungua hukimbilia mlangoni, na mlango ungefunguka wangetoka. Kufuli hilo ndilo ushahidi wangu wote. Sina karatasi wala muhuri.

Mwezi wa nne picha ikawa karibu kwisha, imebaki kutiwa macho tu, na Mkurugenzi Maeng akaja kuitazama. Alikuja na keki za mchele na mpiga picha. Alisimama mbele ya Mabuddha akaunganisha viganja, akatoa machozi ya kweli kwa ajili ya mama yake, nami karibu nimwonee huruma. Kisha akainama kutazama chini. Alimtambua kwanza simbamarara, akacheka. Akamtambua fundi wa nyaya. Halafu akafika kwenye kufuli, akageuka rangi. Alipoinuka aliuliza kwa upole ni nani aliyechora sehemu hii, na Mwalimu Muho akasema ni yeye. Nilitaka kufungua mdomo, akanikanyaga mguu.

Mkurugenzi Maeng si mpumbavu. Hakusema msichana afutwe. Alisema ni jambo zuri sana kuwakumbuka mabinti wale, amekosa usingizi kwa ajili yao, msichana abaki, aproni ibaki, moto ubaki. Kisha akaweka ncha ya kidole juu ya kufuli. Hiki, alisema, si cha lazima, kinachafua utulivu wa picha. Mama Deokcheon alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alisema kwa sauti ambayo hata viziwi wangeisikia, "Kweli bwana mkubwa, na yule simbamarara tumng'oe meno, asije akachafua utulivu wa mtu anayeliwa." Mkuu wa hekalu alikohoa hadi akawa mwekundu. Chai ilinywewa haraka sana siku ile.

Baada ya hapo ndipo maneno yalipoanza. Mkuu wa hekalu aliniita mara mbili. Si mtu mbaya, ila ni mwoga kama watu wengi wema. Alisema paa la ukumbi wa wafu linavuja, kwamba Maeng ameahidi vigae vipya, kwamba Buddha anayaona makufuli yote hata yasipochorwa. Nilimjibu kwamba Buddha haendi mahakamani. Alisema niombe radhi kwa ulimi wangu. Nikaomba radhi kwa ulimi, kufuli nikaliacha. Siku nane sikugusa brashi. Nilisema wakitaka walifute wao, watafute mkono mwingine, na katika milima hii mkono mwingine haupo, ila ule unaotetemeka.

Siku ya tisa ikaja barua yako na samaki.

Sasa nikuambie nilichofanya, maana najua Mkurugenzi atakuwa ameshakuambia na umeshapumua. Nilikubali. Niliamka alfajiri, nikaoga, nikachanganya rangi ya kijivu, nikachora moshi juu ya kufuli. Moshi mzuri, unaopanda kwa mizunguko mitatu. Mkuu wa hekalu alinibariki. Mkurugenzi Maeng alirudi akautazama kwa miwani, akasema msanii wa kweli ni yule anayejua kusikiliza, akatuachia kasha la matunda. Atakuja tena siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba, picha itakapotiwa macho na kutundikwa, na ataketi mstari wa mbele na wageni wake. Mama Deokcheon hakunisemesha kwa siku nne. Chakula changu alikuwa akikitua mezani kama anamtupia mbwa.

Lakini wewe ni ndugu yangu, Kaka, na ndugu huambiwa. Moshi ule ni wa uongo.

Unga wa rangi hauna nguvu yake wenyewe, unashikwa na gundi. Gundi ikiwa nzito mno rangi inapasuka, ikiwa nyepesi mno rangi inapukutika kama unga wa mchele. Mwaka wangu wa kwanza Mwalimu Muho alinichapa vidole kwa mpini wa brashi kwa sababu ya gundi nyepesi, akasema hilo ndilo kosa baya kuliko yote ya fundi wa picha, kwa kuwa halionekani siku ya kwanza. Kosa hilo nimelifanya kwa makusudi. Kufuli niliwahi kulichora kwa gundi bora niliyowahi kupika, tabaka nne, kila moja ikikauka kwanza. Moshi nikauchora kwa gundi nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Picha itatundikwa palipo na mishumaa na ubani, chini ya paa linalovuja. Ukungu wa mvua utaingia, baridi kavu itafuata. Labda ni miaka mitatu, labda mitano. Moshi utadondoka punje kwa punje, na kufuli litatokea likiwa jeusi na zima, mbele ya watu wote wanaoinama kusali. Wakati huo vigae vitakuwa vimeshaezekwa, na mtu hawezi kupanda juu kuviteremsha kwa ajili ya haragwe.

Mwalimu Muho alikuja kukagua. Alipitisha kidole juu ya moshi, kikatoka na vumbi la kijivu. Alikitazama kidole hicho, akanitazama mimi. Nilinyoosha mikono yangu mbele nichapwe. Alijifuta kidole kwenye joho lake, akasema mwaka huu mvua zimechelewa, akaenda zake kunywa chai. Mama Deokcheon nilimwambia jana. Leo nimepewa wali wa kukaanga na vitoweo vitano.

Usijaribu kumwambia Mkurugenzi. Ukimwambia nitachora kufuli jingine, safari hii kubwa kama boga, na nitalichora ukutani nje barabarani. Sitanii.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Hujaniuliza nililijuaje lile kufuli. Mimi sijawahi kukanyaga kiwandani kwenu. Makufuli ni mengi, ya duara, marefu, ya shaba. Mkurugenzi Maeng alilitambua mara moja, ndiyo maana aligeuka rangi. Nililitoa wapi?

Kwenye mazishi ulikuwa umefunga mkono wa kulia bandeji, ukasema umeunguzwa na birika. Nikakuamini. Mwezi wa pili mwaka huu, kwenye kumbukumbu ya Mama, ulipopokea kikombe cha pombe ya sadaka kwa mikono miwili, bandeji haikuwapo tena. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni yako nikimimina. Nimechora nakala elfu tatu, Kaka, jicho langu likiona umbo haliliachi. Kiganjani mwako pana upinde mdogo, chini yake mraba wenye kona iliyobonyea, na katikati doa la tundu la ufunguo. Birika gani limeumbwa hivyo?

Kufuli la kwenye picha nimelinakili kutoka kiganjani mwako.

Kwa hiyo najua. Msimamizi wa kitengo ndiye anayefunga mlango wasichana wasitoke kabla ya saa zao, na msimamizi ulikuwa wewe, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwako. Najua pia kwamba ulirudi. Mtu aliyekimbia hawezi kuwa na alama ile. Ulilishika likiwa jekundu na hukuliachia mpaka nyama ikashika chuma, na ndani Malsun alikuwa anakuita. Hilo nimelilia kuliko yote. Ningeweza kukupenda kwa ajili ya kiganja hicho maisha yangu yote. Lakini ni kwa kiganja hicho hicho, kidonda hakijakauka, ulishika muhuri ukaugonga kwenye karatasi inayosema ni tambi. Hapo ndipo nimekwama. Hasira ninayo, wala sitaki uniambie niiweke chini.

Unaniomba niondoe kufuli. Nimeliondoa kwenye hariri ya picha kwa miaka mitatu. La mkononi mwako utalipaka moshi gani?

Siku ya kumi na tano, macho yote yatatiwa. Mwalimu atawatia Mabuddha, mimi nitawatia wa chini. Malsun nimemwacha wa mwisho, bado macho yake ni meupe. Ataanza kuona siku ile, saa nne asubuhi, na atakayesimama mbele yake ndiye atakayeonwa kwanza. Mkurugenzi Maeng atakuwapo na wageni wake na mpiga picha wake. Familia sita za wale mabinti wengine nimeziandikia, zitakuwapo. Wewe huna haja ya kutoa hotuba, hukujaliwa maneno tangu utoto. Simama tu hapo, inua mkono, ufungue vidole. Watu wana macho, watasoma. Kazi utapoteza, najua. Njooni huku wewe na wifi na watoto, paa la hekalu, hata likivuja, linatosha wote.

Na usipokuja, picha itatundikwa vile vile, na mimi nitangoja mvua.

Nisalimie wifi, mwambie asibebe maji peke yake. Wabusu watoto. Mama Deokcheon anakusalimu, anasema hakuchukii kama alivyodhani. Mwalimu Muho naye anakusalimu, anauliza mkono wako unaendeleaje, nami sikumwambia lolote.

Safari hii usilete samaki. Njoo mikono mitupu.

Mdogo wako,
Tak Okrye